Kapteni Gaudens na kisima cha mzee Albano

Kapteni Gaudens tulikaa naye Tegeta, mlango wake ukitazama mlango wangu. Rosalia mke wangu, kabla hajaondoka, aliniambia, "Mwandike Kapteni." Mie kuandika nimefundishwa ukubwani, kwenye kisomo, na mkono wangu umezoea patasi kuliko kalamu. Lakini alisema. Na nyumba imenyamaza, sina kazi nyingine.

Alikuwa Mhaya wa Bukoba. Jeshini aliingia Waingereza wangali wapo, na siku bendera yao iliposhuka yeye alikuwa kwenye gwaride, kijana mwembamba, koplo. Maofisa wa Kizungu walipoondoka vyeo vikabaki wazi. Akapelekwa masomoni, akarudi luteni, baadaye kapteni wa kikosi cha kujenga. Madaraja, matangi, visima vya kambini. Mwendo wa gwaride haukumtoka. Hata akienda msalani, kopo mkononi, alikwenda kwa mwendo ule ule, na watoto walikuwa wakimfuata nyuma wakimhesabia kushoto, kulia. Hakuwafukuza. Akifika mlangoni aligeuka, akawapigia saluti, akaingia.

Jeshi likampeleka Unguja kujenga matangi ya maji. Kule walikuwa wameanza televisheni. Huku bara hatukuwa nayo. Wakataka mtu wa kueleza watu habari za maji na vyoo, mwenye sauti isiyokwaruza. Kapteni alikuwa nayo. Wakamjaribu, wakamkubali, jeshi likamwachia. Ndivyo alivyokuwa mtangazaji. Wale wa kwetu waliposikia kazi yake wakampa jina. Kapteni Choo. Alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini.

Alikuja likizo na televisheni yake, kisanduku kidogo, ikiendeshwa kwa betri ya gari. Akasimamisha mlingoti mrefu nyuma ya nyumba, eriali juu yake ikitazama baharini. Toka Tegeta mpaka Unguja ni maji matupu, picha ilikuwa inavuka. Inafika imechoka, chenga tupu, lakini inafika.

Jioni ile tulijaa uani kwake. Picha ikatulia kidogo, na ndani yake alikuwa Kapteni, amevaa suti, anasema. Na huku Kapteni amekaa kwenye kigoda, amevaa shuka, anakula muhogo.

Chausiku jirani yetu, mwanamke asiyekuwa na breki ya mdomo, akauliza, "Kapteni, yule nani?"

"Mimi."

"Na wewe?"

"Mimi pia. Yule walimrekodi wiki iliyopita."

"Basi tuambie, Kokushubila analala na yupi?"

Kokushubila, mkewe Kapteni, alikuwa anamimina chai. Hakugeuka. "Wa mle ndani hakoromi," akasema.

Watu walicheka sana. Rosalia hakucheka. Alikuwa amempakata Tunu, binti yetu, mtoto wa pekee. Alikuwa anaangalia picha.

"Yule wa nyuma naye nani?"

Ndipo na sisi tukaona. Nyuma ya Kapteni wa kwenye picha palikuwa na mwingine, mwembamba, mweupe-mweupe. Wa mbele akinyanyua mkono, na huyu anaunyanyua, lakini amechelewa. Wa mbele akifunga mdomo, huyu bado anasema.

"Kivuli hicho, Mama Tunu," Kapteni akamjibu. "Mawimbi ya picha yanapiga kilima cha Wazo, yanarudi yamechelewa. Usiogope."

"Siogopi," akasema Rosalia. Lakini alimgeuza mtoto uso.

Yule Kapteni wa ndani ya kisanduku alisema habari moja mpaka mwisho. Kila nyumba ichimbe choo. Kiwe kirefu. Choo kifupi ni nusu ya choo. Alisema kama anaamrisha askari, na sisi wakati ule tulikuwa watu wa kuamrishwa. Tulikuwa tumekusanywa kijijini mwaka ule ule, nyumba zimepangwa mistari, karibu karibu, ili huduma zitufikie. Zote zilikizunguka kisima cha mzee Albano.

Mzee Albano ni baba yake Rosalia. Sisi ni Wamakonde wa Newala. Kule juu hakuna maji. Mama zetu walikuwa wakishuka bondeni gizani na kupanda jua limewaka, mtungi kichwani, na maji ya kunawa uso yalikuwa kitu cha kuomba. Albano alikuja huku kukata mkonge. Alipoacha mkonge akachimba kisima, peke yake, kwa sururu, kwenye mwamba mweupe wa chokaa. Maji yakatoka baridi, matamu. Wazee walisema alikaa pembeni siku nzima bila kuyanywa, anayatazama tu. Mtu wa Newala huwezi kumwambia kitu juu ya maji.

Basi tulichimba vyoo. Na kuchimba tunakujua. Tulishindana. Mwishehe, balozi wetu wa nyumba kumi, alipita na kamba yenye jiwe akipima, na choo cha nyumba yangu ndicho kilichoshinda vyote kwa kina. Chini kabisa sururu ilitoboa ufa kwenye mwamba, upepo baridi ukatoka humo. Tuliona vizuri tu. Tukasema choo hiki hakitajaa maisha. Kilikuwa hatua chache tu toka kisimani, ili mtu asiende mbali kuchota maji ya kunawa.

Kapteni alikwenda kusoma tena, Ulaya, miaka kadhaa. Alirudi mhandisi. Kazi yake sasa ilikuwa majitaka, takataka, hewa, mambo yote yanayomzunguka mtu. Mhandisi wa mazingira. Neno lilikuwa geni, Chausiku akasema cheo kimepanda lakini choo ni kile kile. Alikuwa anazunguka na gari la serikali Temeke, Manzese, kote wanakokaa watu wengi, na mara moja moja anavuka Unguja kurekodi kipindi.

Aliporudi alikuta Albano amekufa, na watoto wameanza kufa.

Ilikuwa masika. Walianza kuhara, mmoja, mwingine. Mganga wa zahanati akasema maji yachemshwe. Wachache walichemsha. Maji ya Albano yalikuwa matamu mno mtu kuyachemsha, na Rosalia alikuwa akisema maji ya baba yake hayana kosa. Kisha akaugua Tunu. Kila alipotapika aliomba maji, na kila alipoomba Rosalia alikwenda kisimani, akamletea ya baridi, akamnyanyua kichwa akamnywesha. Alikwenda mara nyingi. Asubuhi Tunu hakuomba tena.

Majirani waliacha kumwita Rosalia Mama Tunu. Ni huruma, hawakutaka kumchoma. Kapteni peke yake aliendelea kumwita hivyo hivyo.

Baada ya matanga ya Tunu alikuja kwangu na Mwishehe. Alikuwa na kopo la unga mwekundu.

"Nikodemu, naomba choo chako."

"Unaumwa?"

"Nataka kumwaga rangi hii chooni. Rangi tu, haidhuru mtu. Ikitokea kisimani tutajua."

Nikamwambia mwage. Alimwaga, Mwishehe ameshika taa, na mimi nimesimama. Akaongeza ndoo za maji. Rosalia alikuwa ndani, amelala, hakutoka.

Kesho yake Chausiku ndiye aliyewahi kisimani. Nilisikia kimya. Mwanamke yule hakuwa anakaa kimya. Nikatoka. Ndoo ilikuwa imewekwa chini na wanawake wameizunguka kwa mbali, kama mtu aliyeanguka kifafa. Maji yalikuwa ya kijani. Si kijani cha ukoga. Kijani kinachowaka, kama jicho la paka mbele ya taa. Nikainama kisimani. Chini kule gizani, ambako siku zote huoni kitu, maji yalikuwa yanaonekana. Yanang'aa yenyewe. Na uso wangu ndani yake, wa kijani.

"Unga ulikuwa mwekundu," Mwishehe akasema nyuma yangu, taratibu.

Kapteni alifika. Alitazama, hakufurahi. "Unga ule ukilowa huwa hivi," akasema. Alikaa kwenye ukingo wa kisima akavua kofia.

Rosalia akatoka na kanga ya msiba. "Umetia wewe, Kapteni."

"Nimetia chooni, Mama Tunu. Si kisimani."

"Nani alikuona?"

"Mimi nilikuwepo," akasema Mwishehe. "Ilitiwa chooni."

"Choo na kisima vimekutana huko chini," Kapteni akasema. "Mwamba una nyufa. Kisima hiki lazima kifukiwe. Nitawaonyesha pengine pa kuchimba, kule juu. Nimeshapapima."

"Kwetu maji hayafukiwi."

"Najua."

"Hujui. Kwenu Bukoba mna ziwa." Alikuwa anasema polepole. "Unataka niseme nini? Ukifukia kisima hiki, watu wote watajua Tunu alikufa kwa nini. Na nani alikuwa anamnywesha. Niseme ni mimi? Kwa mkono huu?"

Kapteni alitazama kofia yake. Akasimama, akaenda kwake, na mara ile hakwenda kwa mwendo wa gwaride.

Kisima hakikufukiwa. Ardhi ile ilikuwa ya Albano na Rosalia ndiye aliyebaki. Mwishehe hakutaka kumlazimisha mwenye msiba. Siku chache rangi ikaisha na watu wakarudi kuteka, maana kwingine ni mbali. Rosalia alikuwa anasimama pale kila asubuhi, anawaambia tekeni, maji ya baba yangu haya.

Lakini mimi ndiye niliyelala naye nyumba moja. Tangu siku ya kijani hakushika ndoo. Aliniambia mgongo unauma, nikawa nateka mimi. Chausiku akaniuliza nimeolewa lini. Nilivumilia. Nikimpa Rosalia kikombe alikipokea, anakishika, anaongea, halafu anakiweka chini kimejaa. Midomo yake ilipasuka. Usiku nilimsikia anameza mate. Sikumuuliza.

Na watoto waliendelea kuugua. Mjukuu wa Chausiku naye akalala kitandani.

Kapteni alivuka Unguja kurekodi. Aliporudi alipita kwangu. Hakukaa.

"Mkeo anakunywa maji?" akauliza.

Nikamwambia hanywi.

Akatikisa kichwa. "Nilimdai kitu kisichokuwa cha kwake," akasema. Akaenda zake. Kesho yake alikwenda kule juu akapanga mawe mahali alipopima. Mchana akalala. Kokushubila alikwenda kumwamsha kwa chai, hakuamka. Hakuwa mgonjwa. Viatu vilikuwa mlangoni, vimepigwa brashi.

Alizikwa Kinondoni. Askari wakapiga bunduki hewani, kunguru wote wakaruka.

Nyumba yake ikawekwa matanga kama desturi. Redio ikazimwa. Kioo kikafunikwa, na televisheni nayo Kokushubila akaifunika kanga, maana ina kioo. Tulikaa siku zetu uani, wanaume nje, wanawake ndani. Siku ya kuanua matanga watu wanapika, wanafagia, vioo vinafunuliwa, na nyumba inarudishiwa sauti. Lazima isikike sauti ya furaha kabla watu hawajatawanyika, japo redio tu. Wasiposikia, nyumba inabaki na msiba.

Redio ya Kokushubila ilikuwa imekwisha betri.

"Basi washa hiyo," Mwishehe akamwambia, akionyesha televisheni. "Betri la gari lipo. Itoe hata ngoma za Unguja."

Kokushubila akatoa kanga. Akawasha. Magharibi ilikuwa imeingia, uani bado mwanga. Chenga zikatapakaa, na mngurumo kama mvua juu ya bati. Watu walikuwa wanaongea, sahani zinagongana.

Halafu chenga zikaachana na Kapteni alikuwa mle.

Suti ile ile. Alikuwa amekonda. Nilitafuta kile kivuli nyuma yake, chenye kuchelewa. Hakikuwepo. Alikuwa mmoja.

Sahani zikanyamaza. Kokushubila alikuwa amesimama mbele ya kisanduku, mkono bado uko kwenye kitufe, hakuondoa.

"Ndugu watazamaji," Kapteni akasema. "Miaka ile nilisimama hapa nikawaambia chimbeni vyoo virefu. Nilisema kama askari. Sikuuliza ardhi ya mtu ikoje. Penye mwamba wa chokaa, choo kirefu kinatoboa mpaka kwenye maji. Watu walinitii, wakachimba kwa bidii. Majirani zangu wa Tegeta walichimba kuliko wote."

Chausiku akanong'ona, "Amekuja."

"Ni mkanda," Mwishehe akasema. "Amerekodi kabla." Lakini alikuwa amevua kofia.

"Kuna mama mmoja jirani yangu," Kapteni akasema. "Alimpa mwanawe maji. Mtoto ameomba maji, mama amempa. Hilo si kosa, popote ulimwenguni si kosa. Maji yale niliyaharibu mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa mbali, nimevaa suti. Yeye mkono wake ni safi."

Akanyamaza.

Alinyamaza akitazama mbele. Hakutazama karatasi, hakukohoa. Chenga zikawa zinapita usoni kwake. Tulidhani picha imekwama, lakini macho yalikuwa yanapepesa. Alikuwa anangoja.

Rosalia alikuwa mlangoni kwa wanawake. Alipita katikati ya watu, akaja akasimama karibu kabisa na kioo. Mwanga wa kisanduku ulimpiga usoni.

"Nimesikia, Kapteni," akasema.

Kapteni akainamisha kichwa kidogo. "Basi fukieni," akasema. "Mchimbe kule nilikopanga mawe. Choo kiwe chini, kisima kiwe juu. Asanteni."

Chenga zikafunga. Kokushubila akabonyeza, kikazimika. Tukasikia sauti yake, anacheka au analia, sijui. Alisema, "Kweli huyu hakoromi."

Rosalia hakurudi kukaa. Alitoka, akavuka kwetu, akachukua jembe. Nikamfuata. Alikwenda kisimani, akasimama ukingoni, na mimi nikaogopa kidogo. Akachota udongo akautupa. Ulichelewa kufika. Ulipofika maji yalisema, kule chini, sauti ndogo. Akatupa mwingine. Watu walianza kuja kutoka msibani, mmoja mmoja, na majembe. Mtu wa Newala kufukia maji, ni kama kufukia anayepumua. Wanaume walilia wakitupa. Kesho yake tukafukia na vyoo, na watu wa nyumba ya Chausiku wakaleta mawe.

Kule kwenye mawe ya Kapteni tulichimba. Maji yakatoka, si matamu kama yale. Rosalia alichukua ndoo mwenyewe, akateka, akanywa pale pale kwa kiganja. Alikunywa mpaka nikamshika bega. Mjukuu wa Chausiku aliinuka. Masika iliyofuata hatukuzika mtoto.

Muda si mrefu baada ya matanga alikuja bwana mmoja toka Unguja, mfanyakazi wa kule televisheni, kumpa pole Kokushubila. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nikamshukuru kwa kile kipindi.

"Kipindi gani, mzee?"

Nikamwambia cha mwisho. Cha vyoo na chokaa.

Akasimama. "Ule mkanda uko kabatini," akasema. "Hatujaurusha bado. Tulikuwa tunangoja tumpe pole mjane kwanza."

Labda alikosea. Mtu wa kazi nyingi. Nikamuaga. Nilipogeuka Rosalia alikuwa mlangoni kwetu, anatutazama. Hakuuliza, nami sikumwambia. Nilifikiri nikimwambia nitamnyang'anya kile alichopewa.

Tukazeeka. Tegeta ikajaa majumba ya kuta na mageti, magari usiku kucha. Hatukupata mtoto mwingine. Kokushubila alirudi Bukoba na kisanduku chake. Palipokuwa na kisima cha Albano sasa pana ukuta wa mtu, na masika ukitega sikio chini ya ule ukuta unasikia maji. Yanasema. Nilikuwa nikienda na Rosalia, tunasimama kama watu wanaongoja gari.

Mwaka huu alilala. Siku moja mchana, amelala ubavu, akaniuliza, "Nikodemu. Yule bwana wa Unguja alikwambia nini pale barabarani?"

Nikamwambia.

Akafumba macho. Nilidhani nimemuumiza.

"Nilijua," akasema. "Mkanda haungoji mtu ajibu."

Akaomba maji. Nilitoka na ndoo, nikapita mabomba yote, nikaenda mpaka kule juu kwenye mawe ya Kapteni. Kisima kipo, wamekifunika zege, lakini mwenye kiwanja ananijua. Nikateka. Nikarudi, nikamnyanyua kichwa, nikamnywesha. Alikunywa.

Asubuhi hakuomba tena. Yaliyobaki kwenye ndoo ndiyo tuliyomwoshea.